Uigaji wa kompyuta: Unavyosaidia maamuzi kuhusu Ziwa Tanganyika

Uigaji wa kompyuta ni mbinu ya kuunda mfano wa kihesabu wa jambo halisi, ili athari za uamuzi zipimwe kabla ya utekelezaji. Kwa Ziwa Tanganyika, mfano hujumlisha mvua na maji ya mito kama Rusizi na Malagarasi, kisha huondoa yanayogeuka mvuke na yanayotoka kupitia Lukuga, mto pekee unaotoka ziwani, upande wa Kongo.

Mjini Bujumbura, yaliko makao ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, suala hili linagusa maisha: mafuriko ya 2020 na 2024 yaliwahamisha wakazi wa Gatumba. Iwapo Lukuga itawekewa kizuizi, uigaji hukadiria maji yatapanda kiasi gani. Uamuzi hubaki kwa Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilizotia saini mkataba wa ziwa mwaka 2003.