Moyo wa Mtoto Tumboni: Tangu Sikio Tupu Hadi Mashine

Huenda unaishi Membley, na kliniki huko Ruiru au Thika umemwona nesi akiweka kipembe juu ya tumbo lako na kutega sikio. Ukajiuliza: mbona hatumii mashine? Tuangalie kipembe hicho kilikotoka.

Mwaka 1818, huko Geneva, Uswisi, daktari François-Isaac Mayor aliweka sikio lake tupu juu ya tumbo la mama mjamzito, akasikia moyo wa mtoto. Mwaka 1821, Mfaransa Jean-Alexandre Le Jumeau de Kergaradec alitumia kifaa cha kusikilizia kifua, alichokibuni Laennec mwaka 1816. Alitaka kusikia maji yakicheza tumboni. Badala yake akasikia mapigo ya haraka kuliko ya mama. Mwaka 1895 Adolphe Pinard, naye Mfaransa, akatengeneza kipembe kinachoitwa kwa jina lake hadi leo. Miaka ya 1960 vikaja vifaa vya umeme. Katika miaka ya 2010 kifaa kimoja kilijaribiwa katika hospitali za Tanzania, nacho kina jina la Kiswahili: Moyo.

Vifaa vimebadilika, lakini kazi ni ile ile: kuhesabu. Kwa kawaida moyo wa mtoto hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Wako hupiga polepole zaidi, ndiyo maana nesi hukushika mkono apime mapigo yako pia, asije akayachanganya.

Ukiwa na uchungu wa kuzaa, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma. Kwa mama asiye na matatizo, kipembe kinafaa. Hatari ni mtoto kutosikilizwa. Basi usione haya kuuliza: "Sista, moyo wa mtoto unapiga mara ngapi?"

Nawe nyumbani una kipimo chako: mtoto kucheza. Akipunguza kucheza kuliko kawaida yake, usingoje tarehe ya kliniki, wala usingoje kuche. Nenda hospitali mara moja. Nawe baba, au nyanya uliye naye nyumbani, msindikize.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.