Kontrola mpya kwa mota ya zamani: yapasayo kupimwa kabla ya kununua

Baiskeli ya umeme inapokataa kwenda ilhali betri imejaa, lawama huangukia kwanza kontrola, yaani kile kisanduku cha alumini kipokeacho umeme wa betri na kuugawa kwa mota iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kontrola isiyoafikiana na mota, betri na skrini iliyopo ni fedha iliyopotea, na huweza kuunguza hata kile kilichokuwa kizima. Kwa mmiliki anayeagiza kipuri kutoka ng'ambo na kukingoja kwa majuma kadhaa, kosa hilo ni ghali.

Uchunguzi huanza betri ikiwa imechomolewa, na baada ya kusubiri dakika chache, kwa kuwa kapasita za kontrola huhifadhi umeme kwa muda. Gurudumu hunyanyuliwa na kuzungushwa kwa mkono. Likiwa zito na lenye kushikashika, nyaya tatu nene za fezi hutenganishwa na kontrola. Likilegea hapo, transista za kontrola zimeungua. Likibaki zito, huenda fezi zimegusana ndani ya mota au ndani ya kebo. Mota zenye gia ndani yake huzungushwa kinyumenyume katika kipimo hiki, kwa sababu zikielekea mbele gurudumu hujiachia na halionyeshi lolote.

Mahali panaposahauliwa mno ni pale kebo inapoingia kwenye ekseli. Nati zikilegea, ekseli hujipindua na kuminya nyaya hizo. Kontrola mpya ikiunganishwa na kebo iliyochubuka, huweza kuungua siku ile ile iliyofungwa.

Jambo la kwanza katika ununuzi ni volti. Betri ya lithiamu iitwayo ya volti 36 hufika volti 42 inapojaa, na ile ya 48 yenye seli 13 mfululizo hufika 54.6. Kontrola nyingi za volti 36 zina kapasita zisizozidi volti 50, kwa hiyo kuzipa betri ya 48 ni kuzipasua. Kinyume chake hakiunguzi kitu, lakini hakisaidii: kontrola ya volti 48 hukata umeme inapopimiwa takriban volti 40, hivyo betri ya 36 huonekana imekwisha hata ikiwa imetoka kuchajiwa.

La pili ni ampea, na hapa ndipo tamaa huwaponza wengi. Kontrola ya volti 36 na ampea 15 huweza kutoa wati 540 kwa muda mfupi, na hiyo hutumika kwa kawaida na mota iliyoandikwa wati 250, kwa kuwa wati za mota ni zile inazozimudu kwa muda mrefu. Anayefunga kontrola ya ampea 30 kwenye mota hiyo atafurahia kasi ya kuondoka, kisha mota itapata joto hadi nyaya zake za ndani zipoteze kinga. Katika miji ya vilima kama Kigali, ambako mpanda baiskeli hupanda mlima akiwa amefungua umeme wote, joto hilo huja mapema zaidi. Betri nayo ina kikomo chake: ikiwa saketi yake ya ulinzi huruhusu ampea 15, kontrola ya ampea 22 itaizima katikati ya mlima.

La tatu ni nyaya. Mota nyingi zina fezi tatu, kwa kawaida rangi ya njano, kijani na buluu, pamoja na nyaya tano nyembamba za sensa za Hall: nyekundu ya volti 5, nyeusi, na tatu za ishara. Sensa hizo huieleza kontrola mahali sumaku zilipo. Ili kuzipima, kontrola huwashwa fezi zikiwa bado hazijaunganishwa, kisha gurudumu huzungushwa polepole, kinyumenyume kwa mota za gia. Kila waya wa ishara upimwapo na ule mweusi unapaswa kupanda na kushuka kati ya karibu sifuri na karibu volti 5.

Rangi kulingana si ushahidi kwamba mpangilio ni sahihi, kwani viwanda havifuati kanuni moja. Nyaya za sensa zikiachwa zilivyo, fezi zina mipangilio 6, na mmoja tu ndio huzungusha mota kwa ulaini. Mingine hutoa mngurumo, mtikisiko au kuvuta ampea nyingi bila kazi, nayo hujaribiwa kwa akselereta ndogo sana, gurudumu likiwa juu. Mpangilio laini ukizungusha kinyume, waya mbili za ishara hubadilishana nafasi na utafutaji huanza upya. Katika mota ya gia, kinyume hujulikana kwa sauti: mota huvuma, gurudumu halisogei. Baadhi ya kontrola zina jozi ya waya za kujifunza. Zikiunganishwa kwa muda, kontrola hupata mpangilio yenyewe.

Skrini huleta udhia wa mwisho. Plagi kuingia si dalili kwamba skrini na kontrola zinaelewana, kwa sababu kila kiwanda kina lugha yake ya mawasiliano. Asiye na uhakika hununua vyote viwili pamoja, au huchagua kontrola isiyohitaji skrini.