Bomba la Solwa na Choroko za Kishapu

Ukisafiri kutoka Mwanza kwenda Shinyanga, Solwa ni kata unayoweza kuipita bila kuiona. Hakuna mnara wala jengo la kumsimamisha msafiri. Chini ya ardhi yake lakini kuna makutano ya mabomba ambayo mikoa miwili inayategemea. Maji huvutwa kutoka Ziwa Viktoria huko Ihelele, Wilaya ya Misungwi, hupandishwa hadi kwenye matangi ya kilima cha Mabale, kisha huteremka yenyewe kuelekea Shinyanga na Kahama. Solwa ndipo tawi jingine linapochepuka kwenda Nzega, Igunga na Tabora. Shina la bomba hilo Tanzania ililijenga kwa fedha zake. Tawi lilijengwa kwa mkopo wa India wa dola za Marekani milioni 268.35, uliokubaliwa mwaka 2015 kupitia Benki ya Exim ya nchi hiyo.

Tarehe 9 Oktoba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan na Waziri Mkuu Narendra Modi walitangaza mjini New Delhi kwamba uhusiano wa nchi zao umepandishwa hadhi na kuwa ushirikiano wa kimkakati. Habari za siku ile zilijaa ulinzi wa Bahari ya Hindi, mpango wa miaka mitano wa ushirikiano wa kijeshi, na kampasi ya chuo cha teknolojia cha IIT Madras iliyokuwa inaanza Zanzibar. Hayo ni mambo ya pwani. Bara, kwenye mbuga za Usukuma, uhusiano na India una historia ndefu kuliko matangazo hayo, na historia hiyo ndiyo inayoonyesha ni ahadi za aina gani zilizomfikia mwananchi na zipi zilizoishia kwenye hotuba.

Ilianza na pamba. Reli ya tawi kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na kituo hicho kikawa mji wa biashara. Wafanyabiashara wenye asili ya India, wengi wao familia zilizotoka Gujarat, walifungua maduka kando ya stesheni, wakanunua pamba mbegu kwa wakulima na kumiliki sehemu kubwa ya vinu vya kuchambulia. Viwanda vya nguo vya Bombay vilikuwa soko kubwa la pamba ya Afrika Mashariki. Mkulima wa Kisukuma ambaye hakuwahi kuiona bahari alikuwa tayari amefungamana na India, ila hakuwa na mtu wa kumsemea katika biashara hiyo.

Mahali alipoumia ni kwenye mizani. Malalamiko kwamba wanunuzi wanapunja uzito yalienea Kanda ya Ziwa yote, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye magulio ya pamba. Paul Bomani, kijana aliyekuwa akiongoza chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, aliigeuza hasira hiyo kuwa mfumo. Mwaka 1955 vyama vya msingi viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na kabla ya uhuru ushirika ndio uliokuwa ukinunua pamba yote ya kanda hiyo. Haikuwa vita dhidi ya Wahindi kama watu. Wakulima walidai masharti yanayoonekana: uzito unaosomeka, bei inayojulikana mapema, risiti mkononi. Dai hilo halijazeeka.

Upande wa pili wa historia hiyo uko Mwadui. Mwaka 1940, mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua hapo mwamba wa almasi ambao bado unahesabiwa miongoni mwa mikubwa kabisa duniani, wenye eneo la takriban hekta 146. Hakuwa na mtaji. Aliyemshika mkono ni wakili wa Mwanza mwenye asili ya India, I. C. Chopra, aliyempa fedha na ushauri wa kisheria akapata hisa katika kampuni. Mwaka 1947 mgodi ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa mwaka huo, na jiwe likakatwa London hadi karati 23.6. Dunia inaikumbuka zawadi hiyo. Inafaa ikumbukwe pia kwamba bila fedha na sheria kutoka ofisi ya wakili wa Mwanza, mgodi huo ungekuwa na njia ngumu zaidi ya kusimama. Na leo mkondo umegeukia huko huko: sehemu kubwa kabisa ya almasi za dunia hukatwa na kung'arishwa Surat, Gujarat.

Serikali zilikuja baada ya wafanyabiashara na mawakili. India ilipopata uhuru mwaka 1947, Jawaharlal Nehru aliwaambia Wahindi waishio Afrika waziwazi kwamba wasidai upendeleo juu ya wenyeji na wasimame na Waafrika. Mwaka 1948 alimtuma Apa Pant Nairobi kuwa kamishna wa India katika Afrika Mashariki. Pant alijenga urafiki na wapigania uhuru kiasi kwamba Waingereza hawakumvumilia, na mwaka 1954 akaondoka. Ubalozi wa India ulifunguliwa Dar es Salaam wiki chache kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa Desemba 1961.

Julius Nyerere aliuchukua urafiki huo kwa uzito. India ilimpa Tuzo ya Nehru ya mwaka 1973, na mwaka 1995 akawa mtu wa kwanza kupokea Tuzo ya Amani ya Gandhi. Katikati ya tuzo hizo kuna jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha. Kuanzia 1987 hadi 1990 Nyerere aliongoza Tume ya Kusini, iliyotafuta namna nchi maskini zitakavyofanya biashara na kusaidiana zenyewe kwa zenyewe. Katibu mkuu wake Geneva alikuwa mchumi mtulivu wa Kihindi, Manmohan Singh. Mei 2011 Singh alikuja Dar es Salaam akiwa waziri mkuu, na katika ziara hiyo India ikaahidi mkopo wa mradi wa maji wa jiji hilo. Mambo yaliyojadiliwa kwenye karatasi za Geneva yalikuwa yamegeuka mabomba.

Hata hivyo bomba la Shinyanga lilihitaji kwanza vita vya kisheria ambavyo India haikuwamo. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba hakuna kazi itakayofanywa kwenye Mto Nile wala maziwa yake itakayopunguza maji ya Misri bila ridhaa ya Cairo. Kwa hiyo maji yaliyo karibu na Shinyanga yalikuwa yamewekewa kufuli mbali kabisa na Shinyanga. Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kuwa nchi hiyo haifungwi na makubaliano hayo. Ilikuwa barua fupi yenye madhara marefu, na wanasheria bado wanaufundisha msimamo huo kwa jina la Nyerere.

Utekelezaji ulichukua zaidi ya miaka arobaini. Kwa miaka mingi mji wa Shinyanga uliishi kwa bwawa la Ning'hwa, na mkoa ukakauka kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI wa kuokoa ardhi kwa kufufua ngitili, malisho yanayotengwa kwa desturi ya Kisukuma. Hatimaye, mwaka 2004 Tanzania ilitangaza kuanza kuvuta maji ya ziwa kwenda Kahama na Shinyanga. Kampuni ya Kichina ilijenga, hazina ya Tanzania ikalipa, na Mei 2009 Rais Jakaya Kikwete akazindua. Cairo ilikuwa bado inaushikilia mkataba wa 1929. Mwaka uliofuata, huko Entebbe, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusaini mkataba mpya wa bonde la Nile, ambao ulianza kufanya kazi Oktoba 2024.

Kwa hiyo India ilipokuja na mkopo wake mwaka 2015, ilikuta shina limesimama na hoja ya kisheria imeshatetewa. Ilichofanya ni kulirefusha, na ilifanya kwa utaratibu unaofaa kuangaliwa kwa makini. Mikopo ya aina hiyo kwa kawaida huitaka nchi inayokopa inunue angalau asilimia 75 ya bidhaa na huduma kutoka India, ndiyo maana makandarasi waliofukua mitaro kati ya Solwa na Tabora walikuwa kampuni za Kihindi. Wapo wanaoliona sharti hilo kama kutoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa wa kushoto. Ni kweli kwamba fedha nyingi zilirudi zilikotoka. Lakini mkataba ulitaja miji, ukataja kiasi, ukataja tawi linaanzia wapi, na maji yakafika Nzega, Igunga na Tabora, miji ambayo akina mama wake waliamka alfajiri kutafuta ndoo moja. Mwandishi huyu analihesabu kuwa tendo kubwa.

Kuandika mkataba peke yake si dawa. Reli ileile iliyoijenga Shinyanga ya biashara inathibitisha hilo. Mwaka 2007 serikali ilimkabidhi mwekezaji wa Kihindi, RITES, asilimia 51 ya Kampuni ya Reli Tanzania kwa mkataba wa miaka 25. Migogoro ya mishahara, migomo na uhaba wa vichwa vya treni vilifuatana, na kufikia 2011 ndoa hiyo ilikuwa imevunjika na reli imerudi serikalini. Tofauti na bomba la maji ni kwamba kwenye reli kila upande ulimtazama mwenzake alete mtaji.

Kisha kuna choroko, na hapa ndipo hoja inapouma.

Katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, vijiji vya Solwa na nyanda za jirani za Misungwi na Kwimba, udongo mzito mweusi hulimwa choroko na dengu. Ni mazao yanayompa mkulima fedha taslimu pale pamba inapomwangusha. India ndiyo nchi inayokula na kununua mikunde kuliko zote duniani, hivyo bei ya gunia kijijini hufuata mvua za India na siasa za India. Hakuna mkoa wa Tanzania unaohitaji diplomasia nzuri ya mikunde kuliko mikoa ya aina hii.

Julai 2016 Modi alifanya ziara ya nchi nne za Afrika. Alipofika Msumbiji, tarehe 7, pande mbili zilisaini makubaliano ya muda mrefu: India itanunua mikunde ya Msumbiji kwa viwango vinavyopanda mwaka hadi mwaka, kufikia tani 200,000. Siku tatu baadaye alikuwa Dar es Salaam na Rais John Magufuli. Zilisainiwa hati kadhaa, ukiwamo mkopo wa dola milioni 92 wa maji ya Zanzibar. Ahadi ya kununua mikunde ya Tanzania kwa kiwango kilichoandikwa haikuwamo.

Mwaka mmoja tu ulitosha kuonyesha gharama yake. India ilivuna sana, bei zikaporomoka kwa wakulima wake, na Agosti 2017 serikali yake ikaweka ukomo wa uagizaji wa mbaazi, choroko na jamii yake. Mikunde iliyoagizwa chini ya makubaliano kati ya serikali na serikali haikuguswa, kwa hiyo Msumbiji ilikuwa na mlango. Tanzania haikuwa nao. Bei ya mbaazi ilianguka vibaya kutoka Manyara hadi kusini, na wakulima wakabaki na magunia ndani. New Delhi haikuvunja ahadi yoyote, maana haikuwa imetoa. Ililinda wapigakura wake wa vijijini, kama serikali yoyote inayopigiwa kura inavyotarajiwa kufanya. Tatizo lilikuwa Dar es Salaam, ambako miongo mitano ya udugu wa Nyerere na Nehru ilichukuliwa kana kwamba ni mkataba wa mauzo.

Wapimaji wa pamba wa miaka ya 1950 wangelielewa jambo hilo haraka. Wao hawakumwomba mnunuzi awe na moyo mzuri. Walisimama kando ya mizani.

Tangu hapo mengi yamesogea. Biashara ya nchi hizi mbili imepita dola bilioni 6 kwa mwaka, dhahabu ikiongoza mauzo ya Tanzania huko. Mwaka 2023 Benki Kuu ya India ilifungua njia ya kulipana kwa sarafu za nchi zenyewe bila kupitia dola. Aprili 2025 majeshi ya majini ya India na Tanzania yaliandaa kwa pamoja zoezi la AIKEYME Dar es Salaam, likishirikisha nchi nyingine za Afrika. Ndani ya nchi, choroko na dengu zimeingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani na kuuzwa kwa mnada, hatua ambayo angalau inamwonyesha mkulima bei ya wanunuzi wote kwa pamoja.

Upande wa India, mlango wa mikunde umeendelea kufunguliwa na kufungwa kwa matangazo. Mei 2021 mbaazi na choroko ziliruhusiwa kuingia bila ukomo. Februari 2022 choroko ikafungiwa tena, mbaazi ikabaki wazi. Rais Samia alipokaa na Modi Oktoba 2023 na hati za ushirikiano wa kimkakati zikasainiwa, zao hilo la Kishapu lilikuwa bado upande usioruhusiwa. Makubaliano ya mikunde ya aina ya Msumbiji yanahitaji kurasa chache: jina la zao, tani kwa mwaka, mwaka wa kuanza na mwaka wa kuisha. Wizara ya Kilimo na Wizara ya Mambo ya Nje zina wataalamu wa kuziandika, na msimu wa choroko Kishapu unajulikana mwezi wake.