Sanduku la Posta na Nyumba: Historia Fupi ya Anwani Ndani ya Linux

Leo tunashuka chini kabisa, kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Usikimbie! Tunaanzia Posta.

Mtu akikupa S.L.P. yenye namba 00800, unajua barua itafika posta ya Westlands. Nyumbani kwake je? Huenda ni Kangemi, huenda Lavington. Akihama, sanduku linabaki lile lile. Kumbukumbu ya kompyuta iko hivyo hivyo: programu hupewa anwani pepe, na prosesa huigeuza kuwa anwani halisi.

Mara nyingine kerneli hulazimika kugeuza yenyewe. Kwenye Linux ya Intel ya biti 32, hesabu ilikuwa kutoa tu. Anwani pepe za kerneli zilianzia 0xC0000000, yaani GB 3. Toa hiyo, na 0xC0100000 inakuwa 0x00100000, yaani MB 1. Rahisi mno!

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwa kuwa ni rahisi, kila aina ya prosesa, Intel, ARM, PowerPC, MIPS, iliwekewa hesabu zake kwenye saraka yake. Na kutoa hakujui kukataa. Ukiipa anwani iliyo nje ya eneo lake, kwa mfano ya vmalloc, inakurudishia namba inayopendeza lakini ya uongo. Kadi ya mtandao inaandika kwenye kumbukumbu ya mwingine, barua ya Kangemi imetupwa Lavington, na hakuna anayelalamika. Faili linaharibika kimya kimya.

Basi usafi ukaanza. Mwaka 2006, kwenye Linux 2.6.17, Kamezawa Hiroyuki aliunganisha page_to_pfn na pfn_to_page, zinazogeuza rekodi ya ukurasa wa kumbukumbu kuwa namba yake na kurudi. Nakala nyingi zikawa faili moja, memory_model.h. Januari 2008, Linux 2.6.24 ilitoka ikiwa na saraka za Intel za biti 32 na 64 zimewekwa pamoja, kazi ya Thomas Gleixner na Ingo Molnar. Mwaka 2022, kwenye Linux 6.0, Arnd Bergmann aliiondoa virt_to_bus karibu kote. Hiyo ilidhani kila kifaa kinaona anwani kwa hesabu moja tu, dhana iliyokwisha kufa.

Kuna atakayesema huku ni kupanga kabati tu. Hapana. Mwaka huo huo wa 2008, Jiri Slaby aliongeza ukaguzi: ukileta anwani isiyofaa, kerneli inapiga kelele hapo hapo. Askari mmoja analinda lango moja. Malango ishirini utayalinda vipi?

Linatuhusu? Pita Luthuli Avenue: duka hili linauza simu za Android zenye prosesa ya ARM, la pili laptopu za Intel. Kerneli ya Linux inaweza kuwa ndani ya zote mbili, na draiva moja ikatumika kote, mradi swali "anwani halisi ni ipi?" lijibiwe kwa kanuni moja.

Ukaguzi huo kwa kawaida umezimwa, kwani hesabu hizi hufanyika mara nyingi mno na kila kituo kina gharama yake. Kwa hiyo wewe unayeandika draiva, washa CONFIG_DEBUG_VIRTUAL unapojaribu kazi yako. Heri kelele mezani kwako kuliko ukimya kwenye faili la mteja.

Maswali karibuni.