Lamu na Bandari Mpya

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliivuta biashara kwenda huko, na Lamu ikabaki na majahazi yake na boriti za mikoko. Machi 2012 Rais Kibaki alizindua ujenzi wa bandari kubwa upande wa bara. Bahari ikachimbwa ili meli zipite. Kumbe maji yale ndiyo yaliyokuwa shamba la wavuvi. Wakashtaki, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tena ikasema, na hilo kwangu ndilo zito, kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Fedha huisha, na kijana aliyerithi mshipi na ngalawa hakurithi ufundi wa winchi.