Bahari Isiyo na Chumvi: Historia ya Elimu ya Ziwa Tanganyika



Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa mwisho aliniomba nimsahihishie barua. Alikuwa akiandika Zanzibar kuulizia masharti ya kusomea sayansi ya bahari. Makosa yalikuwa machache, mengi yakiwa ya upatanisho wa kisarufi: aliandika "samaki hii" badala ya "samaki huyu", kosa tunalolisikia kila siku hapa Bujumbura. Lakini lililonisimamisha halikuwa sarufi. Mjomba wake, mfanyabiashara wa hapa mtaani Asiatique, alikuwa amemwuliza: nchi isiyo na bahari itamfanyia nini mtaalamu wa bahari? Kijana alikosa jibu, na ada ya chuo ingetoka kwa mjomba huyo huyo.

Nilimwambia akae, nikamsimulia yafuatayo.

Bahari na ziwa ni maneno mawili ambayo kamusi huyatenganisha kwa chumvi. Katika karne ya 19 mpaka huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokuwa pwani ya Afrika Mashariki, walikusanya habari za wasafiri wa misafara, kisha katikati ya miaka ya 1850 wakatoa ramani yenye bahari moja kubwa katikati ya bara, iliyojikunja kama konokono asiye na gamba. Maziwa matatu yalikuwa yameunganishwa kuwa moja. Watu walicheka, lakini ramani hiyo ilichochea safari ya Richard Burton na John Speke, waliofika Ujiji mwezi Februari 1858.

Swali lililowasumbua lilikuwa la Mto Rusizi, huu unaomwaga maji yake karibu na mji wetu. Je, unatoka ziwani kwenda kaskazini hadi Nili, au unaingia? Burton alipofika Uvira, wana watatu wa mtawala wa huko walimwambia waziwazi kuwa unaingia. Hata hivyo, mjadala uliendelea Ulaya kwa miaka 13, mpaka Livingstone na Stanley walipopiga makasia kutoka Ujiji mwezi Novemba 1871, wakauona mto kwa macho yao na kuthibitisha maneno ya vijana wale. Leo liko jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley pale Mugere, kusini ya Bujumbura. Wana wa mtawala wa Uvira hawana jiwe. Naomba mlikumbuke hilo, kwa maana litarudi.

Kisha likaja jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona yavuyavu katika Ziwa Tanganyika: kile kiumbe laini, chenye mwili unaopitisha nuru, ambacho watu wa pwani humjua kuwa mkazi wa bahari. Kulikuwa pia na konokono wenye magamba mazito yaliyofanana na ya baharini. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja kuchunguza mwaka 1896, akarudi 1899, na mwaka 1903 akatoa kitabu akidai kwamba ziwa letu ni mabaki ya bahari ya kale iliyowahi kufika katikati ya Afrika. Fikirini uzito wa dai hilo! Kama lingekuwa kweli, mjomba wa kijana wangu angekuwa ameshindwa hoja bila jasho.

Halikuwa kweli. W. A. Cunnington, aliyelichunguza ziwa mwaka 1904 na 1905, hakuona ushahidi wa kutosha, na yavuyavu wa maji baridi walionekana pia katika Ziwa Viktoria. Sasa wataalamu wanakubaliana kwamba bonde la ziwa hili lilifanyika kwa kupasuka na kudidimia kwa ardhi, mamilioni ya miaka iliyopita, wala bahari haikulifikia. Konokono wale walipata magamba mazito humu humu. Hata hivyo, ninampenda Moore. Alikosea kwa kuangalia kwa makini, jambo lililo bora kuliko kupatia kwa kukisia.

Na historia ina mzaha wake. Mwaka 2008 watafiti waliochunguza vinasaba vya ndagala, hawa hawa tunaowanunua wakiwa wamekaushwa kwa jua, walionyesha kuwa mababu zao walitoka baharini kweli. Waliingia katika mito ya Afrika Magharibi mamilioni ya miaka iliyopita, kisha uzao wao ukasambaa hadi ukafika huku. Ziwa halikuwa bahari, bali ndagala ni mjukuu wa bahari.

Elimu yenyewe ilichelewa kukabidhiwa wenyeji. Msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947 ulipima kina na kukusanya samaki wengi, na jina lililobaki katika vitabu vya samaki hao ni la Max Poll. Ng'ambo yetu, Uvira, Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti ambacho mpaka leo kinaendelea kwa mikono ya Wakongomani. Chuo kikuu cha Bujumbura kilianza mwaka 1964, na katika Chuo Kikuu cha Burundi Profesa Gaspard Ntakimazi amewachunguza samaki wa ziwa hili kwa miaka mingi. Mwezi Machi 1991 mji wetu ulipokea mkutano wa kimataifa kuhusu uhifadhi wa ziwa. Kigoma nako, kuanzia 1998, Mradi wa Nyanza wa Chuo Kikuu cha Arizona uliwaweka wanafunzi wa Marekani na wa Afrika katika mashua moja. Mwaka 2003 nchi nne, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja, na mamlaka iliyozaliwa na mkataba huo ina makao yake hapa Bujumbura.

Mwaka huo huo Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha matokeo yaliyonitia hofu nilipoyasoma. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na chini hakuna oksijeni. Rutuba imelala huko. Upepo wa kusi, unaovuma wakati wa kiangazi, husukuma maji ya juu kuelekea kwetu kaskazini, na rutuba hupanda upande wa kusini. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki kwa urahisi na ya chini, na mimea midogo inayolisha ndagala hupungua. Walikadiria kuwa uzalishaji wake ulikuwa umeshuka kwa takribani asilimia 20. Kuna wanaosema uvuvi wa kupita kiasi una lawama kubwa zaidi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wapumzike. Mwaka huo huo, upande wetu, maji yalipanda mpaka yakaingia bandarini, na watu wa Gatumba wakahama nyumba zao.

Kupima joto, oksijeni, mawimbi na mikondo ni kazi ile ile, maji yawe na chumvi au yasiwe nayo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, hufundisha hayo karibu na bahari. Anayeyajua anaweza kuyaleta Rusizi. Tena maji yetu hutoka kwa Mto Lukuga, yakaingia Mto Kongo na kuishia Atlantiki, hivyo hata "nchi isiyo na bahari" ni maneno ya ramani za mipaka tu.

Kijana alinisikiliza, kisha akauliza kama wale wana watatu wa Uvira wanajulikana kwa majina. Nikamwambia mimi siyajui. Akachukua kalamu, akasahihisha "samaki huyu", na chini ya sehemu inayouliza sababu za kuomba nafasi akaanza kuandika habari za ndagala. Mjomba wake amesema ataisoma barua hiyo Jumapili.