Uadilifu wa Mwenye Cheo: Maana, Misingi na Njia za Kuulinda

Uadilifu wa mwenye cheo ni hali ya mtu aliyekabidhiwa mamlaka ya umma kutenda yanayokipasa cheo hicho bila kukigeuza mtaji wake. Unatofautiana na uaminifu wa kawaida kwa mambo mawili: unahusu mali na maamuzi ya watu wengine, na unadai zaidi ya kutovunja sheria.

Misingi ya Kirumi. Mwaka 44 KK Cicero, mwanasiasa na mwanafalsafa wa Kirumi, aliandika De officiis, kitabu kuhusu wajibu, kwa ajili ya mwanawe Marcus aliyekuwa masomoni Athens. Cicero alimfuata kwa sehemu kubwa Panaetius wa Rhodes, mwanafalsafa wa Kistoa. Kitabu kina sehemu tatu: jambo lililo jema kwa lenyewe, jambo lenye manufaa, na namna ya kuamua pale mawili hayo yanapoonekana kugongana. Uamuzi wa Cicero ni kwamba mgongano huo ni wa machoni tu, kwa kuwa kisicho cha haki hakina manufaa ya kweli.

Aina za fadhila. Kwa Cicero fadhila ni nne. Hekima huitafuta kweli. Haki humpa kila mtu kilicho chake, na ukarimu umo ndani yake. Ushujaa ni ukuu wa moyo usioyumbishwa na hofu wala tamaa. Kiasi huweka matendo na maneno mahali pake. Kwa Wastoa fadhila yatosha kumfanya mtu aishi vema, awe mtumwa kama alivyokuwa Epictetus au mfalme kama Marcus Aurelius, aliyetawala mwaka 161 hadi 180. Hivyo cheo hakiongezi wema wa mtu. Kinaongeza wajibu wake tu.

Vyanzo vya wajibu. Wajibu nao una vyanzo vinne: ubinadamu ambao watu wote wanashiriki, tabia ya mtu binafsi, hali aliyomo kama vile ukoo, mali au madaraka, na kazi aliyoichagua. Mwenye cheo hubeba sura ya dola nzima, na Cicero anamlinganisha na mlezi wa mali ya yatima: anaisimamia kwa faida ya yatima, si yake mwenyewe.

Mgongano wa wajibu na faida. Mfano mkuu ni wa mfanyabiashara anayefikisha nafaka Rhodes wakati wa njaa, hali akijua kwamba meli nyingine za nafaka ziko njiani. Ni sawa na muuza mahindi wa Usa River anayepandisha bei huku akijua kwamba malori kadhaa ya Fuso yenye mahindi yameshapita Moshi yakija kwake. Mstoa Diogenes wa Babylon alimruhusu mfanyabiashara huyo kunyamaza, mradi hasemi uongo. Antipater, mwanafunzi wake, alimtaka mfanyabiashara aseme. Cicero anakubaliana na Antipater: kunyamaza ili kufaidi ujinga wa mnunuzi ni kuficha.

Njia za kulinda uadilifu. Njia hizi ni tatu: dhamiri, katazo na uwazi. Ya kwanza ndiyo ya Cicero, na nyingine mbili zina historia yake Tanzania.

Katazo. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, iliyokutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, ilipitisha Azimio la Arusha, na Azimio hilo likatangazwa tarehe 5 Februari. Miiko ya uongozi iliyokuwamo ilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, na ilimkataza kuwa na hisa katika kampuni, ukurugenzi wa kampuni ya kibepari, mishahara miwili au zaidi, na nyumba za kupangisha. Mke au mume wa kiongozi alihesabiwa pamoja naye. Sifa ya njia hii ni kuziba mwanya kabla ya kishawishi. Haimwachii mhusika kupima mwenyewe. Masharti hayo yalilegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, huko Zanzibar mwaka 1991.

Uwazi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, haimzuii kiongozi kumiliki mali bali inamtaka aitamke. Tamko hutolewa ndani ya siku 30 tangu kushika madaraka, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka, kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Sheria inawahusu mawaziri na wabunge, na inafika hadi kwa madiwani. Hivyo diwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Meru, yenye makao yake Usa River, hujaza fomu kama waziri: nyumba, mashamba, magari, akiba ya benki, madeni.

Tofauti ya njia hizo. Katazo huangalia anachomiliki mtu, uwazi huangalia anachotamka, dhamiri huangalia sababu ya kutenda. Diwani aliyetamka shamba lake kwa ukweli, kisha akashawishi barabara ipite kandokando yake, fomu yake haina kasoro. Kasoro imo katika sababu, na hapo katazo na uwazi havitoshi bila dhamiri.